Mtembeze Mtoto Kando ya Maji, Asiingie Majini

Kama unanyonyesha, endelea tu. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana leo nina maneno mengi.

Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya uji. Nataka tuongee juu ya kutembea. Sina maana ya kwenda sokoni au kukimbilia matatu. Nasema juu ya kumchukua mtoto siku moja ya likizo na kumpeleka mahali penye miti, ndege na maji, atembee kwa miguu yake mwenyewe. Mahali nitakapopasifu zaidi ni kinamasi. Najua sasa hivi kuna mama amekunja uso na kusema, "Muuguzi mzima anatutuma kwenye kinamasi, kwenye mbu na kichocho?" Mama, hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nisikilize kwanza.

Wengi wetu hapa Thika na Ruiru tunaishi kwenye ploti au kwenye gorofa. Ukifungua mlango, unaona korido. Korido inaishia kwenye ngazi, na chini ya ngazi kuna boda boda na malori. Kwa hivyo mtoto anafungiwa ndani, anapewa simu, ananyamaza, nasi tunapata nafasi ya kufua. Siwalaumu, kwangu ni vivyo hivyo. Lakini mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka 5. Lilisema mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 anahitaji kuchangamsha mwili dakika 180 kwa siku, yaani saa 3, zikigawanywa kutwa nzima. Wa miaka 2 hadi 4, simu na televisheni zisizidi saa 1. Wa chini ya miaka 2, asiwekewe kabisa. Hesabu jana yako nyumbani, halafu usiniambie jibu.

Sasa niwaambie jambo ambalo nimelificha kwa muda, kwa sababu muuguzi ana aibu kama mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumtembelea jamaa huko Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Si mbali na sisi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na watoto walikuwa wamechoka kukaa sebuleni na wazee. Tukatoka kupunga upepo kandokando ya mifereji. Mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka 6, akavua viatu akaingia majini na watoto wa pale. Maji yalimfika magotini. Mimi nilikuwa ukingoni nacheka na kupiga picha. Picha hiyo ninayo hadi leo.

Baada ya miezi miwili hivi alianza kulalamika tumbo. Nikampa dawa ya minyoo, hii ya kawaida tunayowapa kila baada ya miezi sita. Tumbo halikuacha. Nikasema ni amiba. Halafu asubuhi moja akaniita chooni, nikaona damu kwenye choo chake. Tulipopeleka choo maabara, kilikutwa na mayai ya kichocho cha matumbo, ugonjwa ambao wengi tunauita bilhazia.

Mama, mimi nilifundishwa kichocho chuoni. Nilichora ule mzunguko wake kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Mtu mwenye ugonjwa anakwenda haja karibu na maji, mayai yanaingia majini na kuanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono mdogo wa maji matamu, vinaongezeka humo, kisha vinatoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vinatoka kwa wingi wakati wa jua, saa zile zile watoto wanapenda kuoga. Si lazima mtoto awe na kidonda. Si lazima ayanywe hayo maji. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Hayo yote niliyajua, na bado nilisimama pale nikipiga picha.

Alitibiwa kwa dawa inayoitwa prazikwanteli, inayopimwa kwa kilo za mtoto, na akapona. Dawa ya kawaida ya minyoo, albendazoli, haiui kichocho. Naomba hilo ulikumbuke, kwa sababu ndilo lililonipotezea wiki kadhaa. Mtoto akiwa amewahi kuingia mtoni, ziwani au kwenye mfereji, halafu akaumwa na tumbo, au ukaona damu kwenye choo au kwenye mkojo, usinunue dawa kemisti na kuondoka. Nenda kituo cha afya, mwambie muuguzi, "Aliingia maji ya mahali fulani, mwezi fulani." Tusipoambiwa habari hiyo, tunapapasa gizani.

Baada ya hapo nikawa mkali. Mtoto hatoki. Mtoni hapana, shambani hapana, hata mvua ikinyesha niliwavuta ndani. Wanangu wakakaa mbele ya televisheni mpaka yule mdogo, akiwa na miaka 4, akawa anaomba kubebwa akipanda ngazi za gorofa ya pili. Mtoto mzima, hana ugonjwa. Alikuwa tu hajazoea kutumia miguu. Ndipo nikaona kwamba nimekimbia shida moja nikaingia kwenye nyingine.

Ikafika likizo ya Desemba, tukaenda Kitale kwa wifi yangu. Siku ya pili wifi akasema, "Kesho tuwapeleke watoto Saiwa." Nikauliza Saiwa ni nini. Akasema, "Ni mbuga, lakini ni kinamasi." Nikamwambia wifi yangu mpendwa, asante, sisi tutabaki nyumbani tumenye viazi. Mama mkwe wangu, ambaye ana magoti mabovu na hapendi kuachwa nyuma, akasema yeye anakwenda. Basi na mimi ningebaki vipi?

Mbuga ya Kitaifa ya Kinamasi cha Saiwa iko Kaunti ya Trans Nzoia, ukitoka Kitale kuelekea Kapenguria. Ilitangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1974. Ni ndogo sana, kama kilomita 3 tu za mraba, na ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa za Kenya. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, ambaye ni swala anayeishi ndani ya kinamasi. Jambo zuri kwetu sisi wenye watoto ni kwamba gari haliingii. Unaliacha langoni, na kila mtu, tajiri na maskini, anatembea. Hakuna mlima. Njia inapita chini ya miti kandokando ya kinamasi, na mahali penye maji na matope kuna njia za mbao zilizoinuliwa, unapita juu mguu ukiwa mkavu. Hapa na pale kuna minara ya mbao ya kukaa na kutazama.

Nilipoziona zile mbao moyo wangu ulitulia. Kumbe mtoto anaweza kuwa katikati ya maji na asiyaguse!

Tuliingia asubuhi na mapema, kwa sababu nzohe huonekana vizuri asubuhi na jioni. Baridi ilikuwa kali. Thika iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko ni zaidi ya mita 1,800, kwa hivyo usidanganywe na jina la kinamasi ukadhani ni joto. Mvishe mtoto nguo mbili tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, ili jua likitoka umvue moja moja. Suruali ndefu, soksi na viatu vya kufunika. Siafu hupita kwenye njia za msituni, na mtoto mwenye ndala ndiye huwakanyaga wa kwanza. Gambuti ni nzuri kwenye matope lakini huchubua kisigino cha mtoto. Mimi napendelea raba zilizokwisha kuzoea mguu, kamwe si viatu vipya vya Krismasi. Na mbao zikiwa na umande huteleza kama sabuni, kwa hivyo shika mkono wa mtoto mdogo na usimruhusu kukimbia juu yake.

Mwendo wetu ulikuwaje? Mama, kama umezoea kutembea kama mtu anayewahi zamu, jiandae. Mtoto wa miaka 4 anatembea hatua kumi, anachuchumaa kutazama mdudu. Hatua tano, anaokota jani. Mara ya kwanza nilimwambia "twende, twende" mpaka mama mkwe akaniuliza, "Unampeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo nikamwacha yeye atangulie, sisi wakubwa tukafuata mwendo wake, na ulikuwa mwendo mzuri pia kwa magoti ya shosho. Tambarare ina faida hiyo. Mtoto, nyanya na mama mwenye mimba wote wanaweza kwenda njia moja.

Tulikuta tumbili wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na paji la uso la rangi ya machungwa, amekaa juu ya mti kama mzee wa kanisa. Tukaona mbega wakiruka, na korongo taji wawili wakitembea kwenye nyasi. Tulipopanda mnara tukakaa kimya. Sikuamini wanangu wanaweza kukaa kimya bila simu, lakini walikaa. Baadaye kijana wangu akanivuta mkono. Katikati ya matete kulikuwa na nzohe, manyoya yake yameloa, maji yamemfika tumboni, anakula polepole. Kwato zake ni ndefu, hupanuka akikanyaga, ndiyo sababu hazami kwenye matope. Akiogopa hujizamisha majini akabakiza pua tu.

Mwanangu akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Mama, yeye hapati kichocho?"

Nikamwambia wanyama nao wana minyoo yao. Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilijua kwamba ule mfereji wa Mwea yeye naye hajausahau.

Basi, kama mwaka huu unapita Kitale kwenda ushago, na najua wengi wenu wa Makongeni na Landless mna watu huko Magharibi, tenga nusu siku. Malipo ya mbuga zetu siku hizi ni kupitia eCitizen, hawapokei pesa taslimu mlangoni, kwa hivyo shughulikia mapema ukiwa na mtandao. Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia mbugani na plastiki ya kutumia mara moja, kama zile chupa za maji za dukani, mirija na vikombe. Beba maji yako kwenye chupa ya kudumu. Yawe yamechemshwa au yametiwa dawa nyumbani. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata kukiwa na jua, mpe ziwa mara nyingi zaidi. Hao wakubwa, usingoje waseme wana kiu. Ukiona mkojo ni wa njano iliyokolea, au mtoto amekaa asubuhi yote bila kukojoa, anakosa maji.

Chakula, chukua kile mtoto anachokijua. Sisi tulibeba viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na ndizi. Tafadhali acha ile kuku ya kukaanga ya jana iliyolala bila friji. Na sabuni isikose. Kipande kidogo kwenye kitambaa kinatosha kumwosha mikono kabla ya kula na baada ya choo.

Mbali gani? Mimi nina kipimo changu, sikukipata kitabuni. Njia ya kurudi ni ndefu sawa na ya kwenda, na mtoto hachoki kidogo kidogo kama sisi, anachoka mara moja kama taa iliyozimwa. Kwa hivyo nageuka wakati bado anafurahi. Leso naibeba kila mara, hata kwa yule wa miaka 4.

Mbu je? Yule wa malaria huuma hasa usiku, kwa hivyo hatari kubwa ni kule mtakakolala, zaidi kama mnateremka mpaka kandokando ya Ziwa Victoria. Hapa kwetu malaria ni kidogo, na kwa sababu hiyo watoto wetu hawana mazoea nayo, ikiwapata inawashika vibaya. Nenda na neti yako yenye dawa, ikunje iingie kwenye begi. Kwa kawaida homa ya malaria huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, maana yake mtakuwa mmerudi Thika na shule zinakaribia kufunguliwa, nawe utasema ni homa ya kawaida. Mtoto akipata joto baada ya safari ya Magharibi, apimwe siku hiyo hiyo, na useme mlikuwa wapi.

Kuna atakayesema, "Muuguzi, Kitale ni mbali na nauli ya Desemba waijua." Kweli. Tuangalie basi hapa karibu, lakini kwa macho mawili.

Watu wengi wakisikia matembezi wanawaza Kilimambogo, Mbuga ya Ol Donyo Sabuk. Ni nzuri na ni yetu, lakini ni mlima wa mita 2,145, safari ya kufika juu ni takriban kilomita 9, na kuna nyati. Huko unatembea ukiwa na askari wa wanyamapori. Kwa kijana wa miaka 12 ni sawa. Kwa wa miaka 4 utambeba wewe.

Maporomoko ya Fourteen Falls hapo chini yake, nendeni mkatazame. Nimesema kutazama. Ule ni Mto Athi, unabeba uchafu wa Nairobi, mawe yake yanateleza, na watu wamezama pale wakiwa na wenzao ukingoni. Ukimpeleka mtoto, mkono wake usiuachie, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kuhesabu watoto. Huyo ndiye asipige picha.

Ukienda kwa jamaa upande wa Kikuyu kuna kinamasi cha Ondiri, kinapendeza kwa macho. Lakini zile nyasi zake zinaelea juu ya maji, zinaonekana kama uwanja na si uwanja. Tembea kwenye ardhi ngumu ya kando tu.

Mimi mwenyewe, kwa nauli ya matatu ya Thika Road, nawapeleka Karura. Ule msitu ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 una njia pana, nyingi zisizo na vilima vikubwa, na watoto wanatembea salama mbali na magari. Nako tunatumia sheria ile ile ya Saiwa. Maji tunayatazama, tunayasikiliza, tunatupia hata kijiti. Mguu hauingii. Kijana wangu ndiye msimamizi wa sheria hiyo, na ni mkali kuliko mimi.

Kama tayari mtoto ameingia maji ya kutilia shaka, mfute kwa taulo upesi. Inasaidia kidogo, lakini usiitegemee. Andika tarehe kwenye kile kitabu cha kliniki, kisha muulize muuguzi ni lini mtoto apimwe. Ukipima siku ya pili hutaona kitu, mayai huchukua wiki kadhaa kuanza kuonekana. Na usiambiwe mtoto wa miaka 3 ni mdogo mno kutibiwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa hii itolewe kuanzia miaka 2 katika maeneo yenye ugonjwa.

Dakika zangu zinakwisha, lakini kuna mama alinisimamisha kliniki wiki iliyopita nikaahidi kumjibu hapa. Mtoto wake ana pumu, naye anaogopa kumtembeza. Mama, mtembeze. Mtoto mwenye pumu iliyotulia anahitaji kutembea kama wengine. Usianze asubuhi ile yenye baridi kali, ngoja jua litoke, umfunike pua na mdomo kwa skafu nyepesi. Ile dawa ya kuvuta ya rangi ya bluu iwe mfukoni mwako, si kwenye begi lililobaki garini. Kama daktari alisema avute kabla ya mazoezi, avute. Akianza kukohoa au kifua kulia filimbi, mketishe wima, mpe dawa, na safari iishie hapo kwa siku hiyo. Na kama wiki hiyo amekuwa akikohoa usiku, mlete kwanza kliniki tumwangalie, Karura itamngoja.

Wiki ijayo tutaongea juu ya mtoto anayekataa kula baada ya kuachishwa ziwa. Kwaherini.